Kibali cha Marehemu Mbaruku

Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kukata neno hata moja katika daftari la silaha la duka letu. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Duka lenyewe liko Nachingwea. Mbele tunauza majembe, misumari, salfa ya mikorosho na mabomba ya kupulizia dawa. Nyuma kuna chumba chenye mlango wa chuma, na humo hukaa bunduki chache za marisau, kwa wakulima wanaolinda mashamba yao dhidi ya nguruwe na tembo. Mwenye duka ni Silvanus, aliyelirithi kwa marehemu baba yake. Funguo za chumba cha nyuma hukaa kwa Koleta, mjane wa makamo ambaye sote tunamwita Mama Abel. Mimi, Kasmiri, nilikuwa karani.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mnunuzi huja na kibali cha polisi na kitambulisho chake cha taifa. Mimi naandika jina, namba ya kibali na namba ya bunduki. Mama Abel anakagua kitambulisho, anailinganisha picha na sura, ndipo anafungua mlango, anakabidhi na kutia sahihi. Kalamu yangu, macho yake. Baba yake Silvanus alitaka hivyo ili mtu mmoja asiweze kukosea peke yake.

Mwandiko wangu niliupata ukubwani. Mwaka 1973 nilikuwa kibarua wa kubeba magunia, nina miaka ishirini na miwili, na jina langu nilikuwa nalitia kwa dole gumba. Nikajiandikisha darasa la ngumbaru, jioni baada ya kazi. Kwenye benchi langu alikaa Myao mmoja kutoka Malolo, upande wa Ruangwa, aliyekuja kutafuta kibarua kama mimi. Jina lake Mbaruku. Kwa kuwa yeye Myao na mimi Mmwera tulikuwa watani, na hakukosa la kusema.

"Kasmiri, hiyo b yako ina mimba," aliniambia wiki ya kwanza. "Tena ya mapacha."

Benchi lile tulilivunja siku moja kwa kusukumana kama watoto, na kila mmoja akamsingizia mwenzake mbele ya mwalimu. Baadaye yeye alirudi Malolo kulima. Mimi niliendelea, nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na moja, nikanunua kamusi, nikajiwekea sharti la neno moja jipya kila siku. Kila alipokuja mjini Mbaruku alinisalimu mlangoni kwa sauti ya kusikika sokoni: "Hodi, mla panya! Kamusi imekushibisha?"

Alifariki mwezi wa Novemba. Nilikwenda Malolo kumzika, na nikafanya linalompasa mtani. Jeneza lilipotolewa nje nililala chini mbele ya wabebaji, nikasema haendi popote mpaka alipe benchi la serikali alilovunja mwaka sabini na nne. Watu walicheka huku wanalia. Walinipa jogoo, nikainuka, tukaenda makaburini. Arobaini yake pia nilihudhuria. Siku hiyo ukoo ulimkalisha mkekani mpwa wake, Harithi, mtoto wa dada yake Saada, wakampaka unga kwenye paji la uso, wakampa jina la mjomba. Kuanzia hapo yeye ndiye Mbaruku. Watoto wa marehemu walimwita baba, na sisi wa rika la marehemu tukaanza kumtania kama tulivyomtania mwenye jina.

Sasa nifike penyewe.

Mwishoni mwa Januari nilikuwa mezani pangu niliposikia mlangoni: "Hodi, mla panya! Kamusi imekushibisha?"

Niliinua macho haraka. Alikuwa Harithi. Amesimama kwa mkao ule ule, na mkononi ana bahasha. Ndani yake mlikuwa na kibali cha kununua bunduki, kilichotolewa Oktoba kwa jina la Mbaruku. Marehemu alikipata, akaugua, akafa kabla hajakitumia. Ilibaki siku tatu kiishe muda.

"Mahindi yanabeba, mtani," alisema Harithi. "Nguruwe wa Malolo wameshafanya kikao, wamegawana viwanja."

Nilicheka, nikachukua kalamu. Mama Abel alikuja na funguo zake kiunoni.

"Kitambulisho, kaka."

Harithi alisita. "Ninacho, dada. Ila kimeandikwa lile jina langu la zamani."

"Hebu nikione."

Kijana wa watu alikuwa ameshapeleka mkono mfukoni. Mimi ndiye niliyemzuia.

"Mama Abel," nilisema, "huyu ni Mbaruku. Namfahamu kuliko hiyo plastiki. Unataka mtu mzima ajieleze kwako kama mwizi wa kuku?"

"Mzee, utaratibu unasema..."

"Utaratibu nimeuandika mimi."

Hata hilo halikuwa kweli. Baba yake Silvanus ndiye aliyeutunga. Mimi niliunakili tu kwa mwandiko mzuri. Katika safu ya kitambulisho niliandika: Kimeonekana. Mama Abel alinitazama, akaitazama ile kalamu, akafungua mlango wa chuma. Alikabidhi bunduki, akatia sahihi yake.

Mtu ataniuliza kama sikujua kwamba mwenye kibali amekufa. Nilijua. Pilau ya arobaini yake niliila. Lakini mbele yangu alisimama Mbaruku, ananiita mla panya, na nilifurahi kuliandika jina lile kwa mara nyingine. Kwetu halikuwa jambo la kuuliza. Kwamba kibali cha polisi hakirithiwi mkekani kwa unga wa paji la uso, hilo nililijua tangu siku ya kwanza ya kazi, na siku ile sikulikumbuka, au sikutaka. Mbele ya mtani wangu niliona aibu kusahihishwa na mwanamke wa funguo.

Machi, siku ya Alhamisi, ilikuja barua ya polisi. Walikuwa wanahakiki vibali. Uongozi wa kijiji ulikuwa umetaja kwamba Mbaruku wa Malolo alifariki Novemba; hesabu ya duka letu ilionyesha kwamba Mbaruku huyo alinunua bunduki Januari. Walitaka maelezo ndani ya siku saba, na walikumbusha kwamba duka linalouza silaha kwa uzembe linaweza kufungiwa.

Silvanus aliisoma kwa sauti.

"Mama Abel, nani alikagua kitambulisho?"

Alinitazama kwanza. Alinitazama muda mrefu wa kutosha mtu kusimama na kusema maneno matatu. Mimi nilikohoa, nikafunua ukurasa.

"Kazi ya kukagua ni yangu," alisema.

"Ndicho ulichonijibu? Duka la baba yangu linafungwa, na wewe unanijibu hivyo?" Silvanus aligeuka kwangu. "Mzee Kasmiri, wewe hujakosea tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Uliandika ulichoambiwa, sivyo?"

Niliinamisha kichwa. Silvanus alikichukua kile kichwa kuwa jibu, nami nikamwachia.

Asubuhi ya Ijumaa Mama Abel alinikuta peke yangu, akaegemea meza.

"Mzee, siku ile unaikumbuka?"

"Mambo ni mengi, Mama Abel."

"Ni mengi. Hili je?"

"Silikumbuki vizuri."

Alicheka bila furaha. "Mtu aliyekwenda msibani kudai benchi la mwaka sabini na nne! Leo Januari imemshinda."

Akaenda zake kupanga misumari. Mchana Silvanus aliniita ofisini. Alitaka kumwachisha kazi Mama Abel siku ya Jumatatu, na nakala ya barua iende polisi, waone kwamba duka limechukua hatua.

"Iandike wewe, mzee. Mwandiko wako hata polisi wanaujua."

Niliiandika. Nafsi yangu inakataa kulitaja hili, lakini nisipolitaja hakuna faida ya kuandika mengine. Nilikaa kwenye meza yangu, nikachagua karatasi isiyo na mikunjo, nikaandika kwamba Koleta ameachishwa kazi kwa sababu ya "uzembe wa kutokagua kitambulisho cha mnunuzi wa silaha". Kwanza nilikuwa nimetumia neno "kosa". Niliona jepesi, nikaanza upya na "uzembe", kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye barua ya polisi. Nilipomaliza niliipenda ile barua. Herufi zilikuwa zimesimama sawa kama safu ya mikorosho.

Jumamosi nilisafiri kwenda Malolo. Nilijiambia naenda kutengeneza mambo. Mpango wangu ulikuwa Harithi aseme kwamba alitudanganya sote wawili, kwamba alijifanya ndiye mwenye kibali, na sisi tukadanganyika. Kwa njia hiyo Mama Abel angepata nafuu na daftari langu lingebaki safi. Kwamba Harithi angegeuka mhalifu, hilo nililisukuma pembeni. Nilishuka Ruangwa mjini, nikakodi bodaboda, na njia nzima nilipanga maneno kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Saada nilimkuta uani anapepeta mtama. Ni mkubwa kidogo kwangu, na macho yake bado makali.

"Karibu, mtani. Umekuja kudai benchi lingine? Kaka hayupo."

"Nimemfuata Mbaruku mpya, dada."

Harithi alitoka ndani, akanitolea kigoda. Bunduki ilikuwa chumbani kwake, juu ya dari, na alisema alikuwa amewalenga nguruwe nayo mara mbili tu. Nikaanza hotuba yangu. Nilitumia maneno mengi mazuri. Nilisema "kwa faida ya wote" labda mara tatu. Ungo wa Saada ulikuwa umesimama.

"Ngoja," alisema. "Nipate kuelewa. Mwanangu aende polisi akaseme aliongopa?"

"Ni namna tu ya kulieleza jambo, dada."

"Aliongopa?"

Nilikiweka sawa kigoda changu.

"Harithi alirudi jioni ile akanieleza yote. Akasema kule dukani kuna mama alimwuliza kitambulisho. Nikamwambia yule mama ana akili, kesho ukairudishe hiyo bunduki, ukaombe kibali chako. Unajua alinijibu nini? Mama, mtani wa mjomba amesema hakuna taabu, na yeye ndiye msomi."

"Kweli nilimjibu hivyo," alisema Harithi kwa sauti ndogo.

"Jina tulimpa," aliendelea Saada, "watoto wa kaka yangu wawe na wa kumwita baba, na shamba liwe na wa kulisimamia. Hatukumpa aende nalo polisi. Hili nalijua mimi ambaye sijui kusoma. Kaka alikwenda darasani, wewe ulikwenda darasani, mimi nilibaki na mtoto mgongoni. Sasa niambie, yule mama wa dukani yuko wapi?"

"Anaachishwa kazi Jumatatu."

"Kwa kosa la nani?"

Kuku walikuwa wanadonoa mtama uliomwagika miguuni pangu, na ndio niliowatazama. Nilikuwa na miaka sabini na mitatu, na nilitamani ardhi ya Malolo inimeze.

"Langu," nilisema.

"Ahaa," alisema Saada, na ungo ukaanza tena. "Basi uko njiani. Endelea."

Harithi alijifuta uso. "Mtani, nitafungwa?"

"Sijui, mwanangu. Sitakudanganya tena kwa usomi wangu. Ninachojua ni kwamba ulitaka kuonyesha kitambulisho, mimi nikakuzuia. Hilo nitalisema popote utakapopelekwa."

Kuibeba bunduki mimi mwenyewe kungekuwa kosa la pili. Tulikwenda kwa mtendaji wa kijiji, naye akapiga simu. Polisi walikuja alasiri, askari wa kike na mwenzake. Waliishusha bunduki darini, wakahesabu risasi zilizobaki, wakatuchukua wote wawili hadi Ruangwa kuandika maelezo. Saada alimfungia Harithi mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Mimi hakunifungia kitu.

Askari yule wa kike alikuwa anaandika polepole, na mimi, kwa mazoea mabaya, nilikuwa nautazama mwandiko wake.

"Mzee, siku unaandika jina hili daftarini, ulijua mwenye jina amekufa?"

"Nilijua. Nililala mbele ya jeneza lake."

Alisimamisha kalamu. "Ulilala?"

"Mimi ni mtani wake."

"Sasa kwamba kitambulisho kimeonekana, uliandika kwa nini?"

Hapo nilikuwa na maneno mengi ya akiba. Niliyaacha. "Niliona aibu kusahihishwa na mwanamke mbele ya mtani wangu."

Alinitazama mimi, akamtazama mwenzake, kisha akaandika sentensi ile yote kama nilivyoisema. Akanisomea. Kuisikia kwa sauti ya mtu mwingine, tena mwanamke, kulikuwa kuzito kuliko kuitamka. Nikaitia sahihi.

Jumatatu nilifika dukani kabla ya wote, nikangoja nje. Silvanus alipofungua, na Mama Abel alipokuja na funguo zake, nilisema pale pale kwenye kaunta, kabla sijakaa. Nilieleza Januari, nikaeleza Alhamisi, nikaeleza Malolo na kile nilichokwenda kukitafuta, na polisi wa Ruangwa. Silvanus alikuwa anakunja na kukunjua mikono ya shati.

"Mzee, umenyamaza siku nne?"

"Nne."

"Na barua ukaniandikia?"

"Nikakuandikia."

Nililiomba daftari. Nikatafuta ukurasa wa Januari, nikalikata lile neno "Kimeonekana" kwa mstari mmoja. Mstari ulipinda. Chini yake niliandika: Kitambulisho hakikuonekana. Koleta alikiulizia, mimi nikamzuia. Nikaweka jina langu na tarehe.

Nilidhani nimemaliza. Mama Abel alisogea kwenye kaunta.

"Hiyo barua yangu iko wapi?" aliuliza.

Silvanus aliona haya. "Mama Abel, iache, nitaichana."

"Usiichane. Nataka kuisikia. Nisomee, mzee, wewe ndiye msomi."

"Mama Abel..."

"Nisomee."

Silvanus aliitoa kwenye droo. Nilisoma. Nilipofika kwenye "uzembe" niliishusha karatasi.

"Endelea," alisema.

Niliisoma mpaka tarehe. Mteja mmoja aliyekuja kununua salfa alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, hajui kama aingie au aondoke.

"Alhamisi nilikuwa nakungoja," Mama Abel aliniambia. "Nikasema huyu ni mtu mzima, atasema. Usiku nikakungoja. Ijumaa nikakufuata mezani kwako mwenyewe, ukaniambia hukumbuki. Ningeweza kumwambia Silvanus. Lakini nani angeniamini mimi akakuacha wewe? Miaka kumi na tisa hujakata neno!" Alivuta pumzi. "Barua ni nzuri. Haina kasoro ila jina. Badilisha jina."

Nilikaa kwenye meza yangu, nikachukua karatasi nyingine, nikainakili barua ile ile neno kwa neno. Palipokuwa na Koleta nikaandika Kasmiri. Palipokuwa na "kutokagua" nikaandika "kuzuia kukaguliwa". "Uzembe" sikuugusa. Nikampa Silvanus atie sahihi. Alishika kalamu muda mrefu, kwa sababu aliniita mzee tangu ana miaka minane, kisha akatia.

Duka lilipewa onyo kali la maandishi, halikufungiwa. Harithi alilala kituoni siku moja, akaachiwa, akaambiwa aombe kibali kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake. Mpaka leo hajakipata. Analinda mahindi kwa kupiga madebe, na nasikia nguruwe wamekula nusu ekari. Faili langu bado liko wazi. Naripoti kituoni kila wiki. Vijana wa pale wananipa benchi nikae.

Wiki mbili baada ya Jumatatu ile nilirudi dukani kuchukua kamusi yangu na miwani ya akiba, vilivyobaki kwenye droo. Mezani pangu alikuwa amekaa Mama Abel. Funguo alikuwa amepewa mtu mwingine. Yeye sasa ndiye mwenye kalamu. Vitu vyangu alikuwa amevifunga kwenye mfuko, na mbele yake kulikuwa na daftari dogo la makabidhiano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Abel. Nimefuata vile vitu."

"Kitambulisho."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Mteja wa misumari aligeuka kutazama. Niliingiza mkono mfukoni, nikakitoa, nikakiweka mezani. Alikichukua, akaitazama picha, akaniinulia macho, akanitazama paji la uso, pua, kidevu, taratibu, kama mtu ambaye hajapata kuniona. Kisha akaandika. Nilimwona anavyoandika. Herufi zake zilikuwa nene na zimelala upande, na b yake ilikuwa na mimba. Nilibana mdomo.

"Kimeonekana," alisema, akanisukumia mfuko.